Tapeli Anaanza na Shikamoo

Jumatano moja mwezi wa tatu, saa nne asubuhi, nilikuwa kwenye foleni ya wakala wa pesa karibu na soko la Mbuyuni, Moshi. Mbele yangu alisimama mama mmoja aliyeshusha ndizi kutoka Old Moshi, kanga moja kiunoni, nyingine begani, kitochi amekibana kati ya sikio na bega. Alikuwa anaitikia tu. "Marahaba mwanangu. Eeh. Ndiyo, nipo kwa wakala. Nasubiri." Akafungua pindo la kanga, akatoa noti, akamwambia binti wa dirishani kwa sauti ya chini kama ya msibani: "Niwekee laki na tisini, mwanangu, haraka kidogo, wananisubiri hewani."

Binti hakuipokea ile hela. "Mama, unaongea na nani?"

Mama akaziba simu kwa kiganja. "Huduma kwa wateja. Nimeshinda milioni tatu, ila wanataka kwanza niwe na salio ndipo waingize."

Kitochi kina sauti kubwa. Sote tuliokuwa nyuma tulimsikia kijana wa upande wa pili, mtulivu, mwenye adabu zake: "Mama yangu, nakuomba usikate simu. Na usimwambie mtu hapo ulipo, mawakala ndio wanaoiba hizi zawadi." Binti akanyoosha mkono dirishani. "Shikamoo mama. Naomba hiyo simu niongee naye kidogo." Kijana aliposikia sauti ya pili, akakata.

Sh190,000 zilirudi kwenye pindo. Mama hakushangilia, wala hakumshukuru binti papo hapo. Alisogea pembeni, akakiangalia kile kitochi, kisha akasema neno ambalo sijaacha kulifikiria mpaka leo: "Lakini ameniamkia vizuri. Kaniuliza mpaka habari za watoto."

Tumezoea kuueleza utapeli wa simu kuwa ni habari ya ujinga na tamaa. Aliyelizwa tunamcheka kwamba ameingizwa mjini, tunampa pole ya mdomoni, na moyoni tunajipongeza kwamba sisi hatungeingia. Mimi siamini hivyo. Kati ya watu ninaowafahamu waliopigwa kwa simu yumo mwalimu, yumo muuguzi, yumo mhasibu anayehesabu hela za watu kila siku. Tapeli haingii kwa mlango wa ujinga. Anaingia kwa mlango wa adabu zetu, ambao tangu utotoni tumefundishwa kuuacha wazi.

Tazama tunavyopokea simu. Simu ikilia tunapokea, hata namba tusiyoijua, maana huenda kuna msiba. Tukishapokea, tunasalimiana kwanza. Shikamoo inadai marahaba, na ukishaitikia marahaba umeshamkubali aliyekuamkia kuwa mwanao. Kumuuliza mtu "wewe ni nani?" kabla ya salamu kunaonekana ukali. Kumkatia simu anayeendelea kuongea ni tusi. Na kubwa kuliko yote, kukiri kwamba umemsahau ndugu ni aibu. Ndiyo maana ule mchezo wa "Mjomba, umenisahau mara hii?" unafanya kazi vizuri kabisa. Unayeulizwa unatafuta haraka wa kumtaja: "Ni baba Neema?" Naye anacheka, "Ndiye mimi mjomba, nilidhani umenitupa." Jina umempa wewe mwenyewe. Ukoo umempa wewe. Dakika tano baadaye baba Neema yuko Segera, gari limeharibika, anaomba elfu themanini za fundi.

Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" nao wengi wanauona wa kipuuzi, na mimi naona una akili nyingi. Katika maisha yetu daima kuna ile hela. Kuna kodi ya chumba, mchango wa harusi, marejesho ya VICOBA, ada ya mtoto, na mwezi wa kumi na mbili watu wanaporudi Kilimanjaro kula sikukuu kuna hela ya mbuzi. Ujumbe unatumwa kwa watu wengi bila kuchagua. Kumi watapuuza, mia watapuuza, na mmoja utamkuta ameahidi asubuhi hiyohiyo kumtumia mwenye nyumba. Huyo wala hatakuwa na tamaa. Atakuwa mtu anayelipa deni lake kwa wakati.

Foleni ilipopungua nilimuuliza binti wa wakala kilichokuwa kinamsubiri yule mama. Alinieleza hatua kwa hatua, maana wateja wawili watatu walishamrudia wakilia. Mama angeambiwa afungue menyu ya pesa kwenye simu yake. Namba moja ya menyu ni kutuma pesa, ila yeye angeambiwa, "Bonyeza moja ufungue zawadi." Menyu ikiomba namba ya anayetumiwa: "Weka namba ya usajili wa zawadi yako." Ikiomba kiasi: "Sasa weka namba ya uhakiki. Moja, nane, saba, tano, sifuri, sifuri." Ikisomwa tarakimu mojamoja hivyo, haisikiki kama Sh187,500. Inasikika kama namba ya ofisini. Kisha menyu inaomba namba ya siri, na hapo kijana anafanya jambo la ajabu. Anasema, "Hiyo usinitajie mama, ni siri yako, iweke mwenyewe."

Msomaji wangu, rudia sentensi hiyo. Kwa miaka mingi matangazo yametuambia tusimtajie mtu namba ya siri. Tapeli ameyasikia matangazo hayohayo. Haiombi kabisa namba yako, tena anakuonya uilinde, na kwa onyo hilo anakuwa mkweli kuliko wote waliokupigia wiki hiyo. Yule mama angekuwa ameitii kanuni aliyofundishwa, neno kwa neno, na hela ingeondoka.

Kinga iliyokuwepo ilikuwa moja tu. Kabla hujathibitisha, mtandao unakuonyesha kiasi unachotuma na jina la unayemtumia. Kioo hakidanganyi. Lakini kioo kinataka utulivu wa kusoma, na kazi yote ya yule kijana ni kuhakikisha utulivu huo haupo. Ndiyo sababu anasema usikate simu. Naomba neno hilo tulitie akilini kuliko jingine lolote, maana maneno mengine yanabadilika kila msimu. Leo ni zawadi, kesho ni laini itakayofungiwa, keshokutwa ni mwalimu anayesema mwanao ameanguka shuleni na daktari anataka hela kabla ya kumgusa. Usikate simu halibadiliki. Ukikata utavuta pumzi, utamwambia jirani, utampigia mwalimu unayemjua. Mtu wa kweli hapotezi chochote ukikata. Mwalimu halisi atapokea ukimpigia. Mtandao wako utapokea ukipiga 100. Anayeharibikiwa kwa wewe kukata ni mmoja tu.

Sasa, yule mama aliitwa kwa jina lake. Kijana alilijua jina na mtandao anaotumia. Watu wakisikia hivyo wanasema lazima kuna mtu wa ndani. Pengine. Lakini mimi nilikuwa nimesimama dirishani nikitazama daftari la wakala, lile daftari kubwa lenye mistari, na kabla sijaandika jina langu nilishasoma majina ya wateja kumi na wawili, namba zao, kiasi walichotoa na saini zao. Aliyekuwa nyuma yangu angesoma ya kwangu. Mtu akiwa na simu yenye kamera, sekunde mbili zinamtosha. Daftari la wageni kwenye mapokezi ya ofisi ni hivyohivyo, na orodha ya michango ya harusi inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ina majina, namba na ahadi ya kila mtu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na tuna Tume yake. Ila daftari bado liko wazi dirishani.

Kuna jambo linalonichoma zaidi, nalo ni kwamba taasisi halali zinatufundisha kutapeliwa. Mwaka jana nilipigiwa na mtu aliyejitambulisha kuwa ni wa benki ninayoweka hela zangu. Namba ilikuwa ya kawaida ya mkononi. Akaniomba majina matatu, tarehe ya kuzaliwa na jina la mama yangu mzazi, "kwa ajili ya uhakiki." Nikamwambia, kaka, wewe ndiye uliyenipigia, sasa nani anapaswa kuhakikiwa hapa? Akakasirika. Nikakata, nikapanda bodaboda mpaka tawini, na huko nikakuta ni kweli alikuwa mfanyakazi wao, na meneja alinishangaa kwa nini nilimkatia.

Mimi nilimshangaa meneja. Benki inayowapigia wateja kwa namba yoyote na kuwauliza maswali ya siri inawazoesha kujibu. Siku tapeli akipiga na maswali yaleyale, mteja amekwisha kufunzwa, na waliomfunza ni wenyewe wenye benki. Wakitaka kutulinda kweli, simu yao iwe na sentensi moja tu: tuna ujumbe wako, tupigie kwa namba iliyoandikwa nyuma ya kadi. Basi. Asiulize kitu kingine. Ninaamini hilo lingefanya kazi kuliko mabango yote ya tahadhari yaliyobandikwa ukutani mwao.

Wakopeshaji wa kwenye simu nao walituchafulia hali. Unapokea simu asubuhi, mtu anafoka kwamba wewe ni mdhamini wa fulani na jina lako litachafuliwa. Programu imechota namba zote za mkopaji, ikaanza kuzipiga. Novemba 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kuwa kwenye kitabu cha namba cha mtu hakukufanyi mdhamini wake. Simu hiyo haina cha kujibiwa.

Arusha kuna tatizo ambalo ushauri wa jumla haulifikii. Kwingine utaambiwa usipokee wala usipigie namba ya nje ya nchi. Mwambie hivyo mwongoza watalii wa Sakina uone atakavyokutazama. Namba ya nje ndiyo mkate wake. Jiji lenye makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Mahakama ya Afrika na msururu wa kampuni za safari haliwezi kuogopa msimbo wa nchi nyingine. Na hapo ndipo inapoingia ile simu inayolia mara moja na kukatika. Wajapani waliipa jina, wangiri, yaani mlio mmoja na kukata. Mpigaji hataki upokee. Anataka umpigie wewe, kwa namba ya nje yenye gharama kubwa, na sehemu ya gharama hiyo inamrudia. Ukiwa na haraka unaiona +252 au +257 ukadhani ni ya nyumbani, kwa kuwa yetu ni +255. Ya kwanza ni Somalia, ya pili ni Burundi.

Rafiki yangu mmoja anayepeleka wageni Ngorongoro ana utaratibu ninaoupenda. Hapigii simu yoyote ya nje aliyoikosa. Anatuma ujumbe mfupi wa maandishi: mimi ni fulani, nimeona simu yako, niandikie. Mgeni wa kweli anaandika, maana anataka safari yake. Hajawahi kupoteza mteja kwa hilo.

Kuna namba za kubonyeza ambazo sharti uzijue hata kama ni kwa juujuu. Mtu akikuambia ubonyeze *21* ikifuatiwa na namba yake na alama ya reli (#), unahamisha simu zako zote ziende kwake. Baada ya hapo anajiandikisha WhatsApp kwa namba yako, anaomba msimbo wa tarakimu sita usomwe kwa simu, na simu hiyo inaita kwake. Usiku huo ndugu zako wote wanaombwa hela kwa jina lako na picha yako. Ukihisi umebonyeza kitu, ##002# inafuta uhamisho wote.

Wapo wanaosema teknolojia itatuokoa, weka Truecaller uone jina. Mimi ninayo na inasaidia, ila jina unaloliona pale limetokana na jinsi watu walivyoihifadhi namba, au jinsi mwenyewe alivyojiandika. Tapeli anaweza kujiita Huduma kwa Wateja. Wengine wanauliza, si tulisajili laini kwa vidole? Tulisajili, na zisizosajiliwa zilianza kuzimwa Januari 2020. Lakini kumbuka siku ile chini ya mwavuli, kijana wa kusajili alipokuambia, "Kidole hakijasoma, rudia." Ukarudia. Kidole cha pili kiliweza kusajili laini ya pili ambayo hukuiona. Bonyeza *106# leo hii, uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako kwenye mtandao unaotumia. Ukikuta usiyoijua, nenda dukani kwao waiondoe, kwa sababu siku ikitumika kumliza mtu, polisi watafika kwako.

Na sauti? Januari 2024 wapiga kura wa jimbo la New Hampshire, Marekani, walipigiwa simu zenye sauti ya Rais Joe Biden, na haikuwa yake, ilitengenezwa kwa kompyuta. Mwezi uliofuata mamlaka ya mawasiliano ya huko ikatangaza kwamba simu za kujiendesha zenye sauti za bandia ni kosa kisheria. Hapa kwetu tapeli bado hahitaji kufika huko, kelele za barabarani na mtandao unaokatikakatika vinamtosha. Ila sauti peke yake haitambulishi mtu tena, na hapa ndipo mikoa yetu ina hazina. Taarifa za robo mwaka za TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, zimekuwa zikiitaja Rukwa na Morogoro kuwa juu kwa majaribio ya utapeli. Anayempigia bibi wa Machame kutoka huko, bibi amjibu kwa Kimachame. Bibi wa Akheri ajibu kwa Kimeru. Amuulize jina la mto ulio chini ya shamba, au nani aliyezikwa mwaka jana chini ya ule mparachichi. Nimemwona shangazi yangu akifanya hivyo, na mjukuu aliyekuwa amepata ajali Chalinze akapona ghafla na kutokomea.

Kwa aliyekwisha kupigwa, nina ombi la dhati: usikae nalo. Dakika za kwanza ni za thamani. Piga 100 ya mtandao wako uwaeleze, kwa kuwa hela isiyokuwa imetolewa bado ina nafasi ya kuzuiwa. Namba ya tapeli ipeleke TCRA kwa 15040. Nenda kituo cha polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa uliyoandikisha, hata kama kiasi ni kidogo. Na aliyekutumia hela "kwa makosa" usimrudishie kwa mkono wako. Angalia salio lako kwanza, usiamini ujumbe, kisha umwambie aombe kurudishiwa kupitia mtandao wake. Aliyekosea kweli atapata haki yake huko.

Watu hawafanyi haya kwa sababu ya aibu. Nawajua waliopoteza laki tano na hata mume nyumbani hakuambiwa. Wananyamaza kwa kuwa wanajua tutawacheka, na namba iliyowaliza inaendelea kufanya kazi, inampigia jirani yao Jumatatu. Kila tunapomcheka aliyelizwa tunamwongezea tapeli siku za kuishi.

Wiki mbili baadaye nilirudi pale Mbuyuni kutoa hela. Yule mama hakuwepo, ila binti aliniambia amepita mara mbili, na mara ya pili alimletea mkungu wa ndizi bila kueleza ni wa nini. Nilipoomba daftari niandike, nikakuta limefunikwa kwa kipande cha boksi la sabuni alilolikata kwa wembe, katikati ametoboa nafasi ndefu nyembamba, upana wa mstari mmoja. Majina ya walionitangulia sikuyaona. Niliandika langu, nikaweka saini, naye akalisogeza boksi chini mstari mmoja kabla ya kumwita mteja wa nyuma yangu.